Breki ya Mwalimu

Mtaani walimwita Thelathini, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Gari lake dogo jeupe likishatoka getini, mshale unapanda mpaka thelathini, unaganda hapo, na hautikisiki mpaka afike anakokwenda. Barabara iwe tupu, iwe imejaa, yeye ni thelathini. Nyuma yake magari yanajipanga moja baada ya jingine, mpaka wapita njia wanaulizana ni nani aliyefariki. Wapo waliodhani jina hilo linamuudhi. Thubutu. Alilipenda, na akisikia honi mgongoni alimwambia mkewe, "Huyo naye anakimbilia choo."

Tumtendee haki: mzee huyu hakuuokota udereva njiani. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha watu kuendesha, na nusu ya mji ilipita mikononi mwake, wauguzi, wauza mbao, hakimu mmoja aliyekuwa akichanganya kulia na kushoto. Alipostaafu, shule ya udereva ilimuaga kwa kumpa gari alilofundishia, na kila kilichokuwamo, pamoja na breki ya pili miguuni pa kiti cha abiria. Ndiyo breki ya mwalimu. Breki hizo mbili zimeungwa kwa chuma kimoja, ukikanyaga ya huku na ya kule inazama. Fundi mmoja aliwahi kumshauri aing'oe kwa kuwa haina kazi tena. Mwalimu alimtazama fundi kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, na hakurudi kwake.

Ugomvi ulianza na video. Kijana mmoja, kachoka kukaa nyuma ya gari jeupe, aliupiga picha ule msafara, akautilia wimbo wa huzuni, akautupa mitandaoni. Ukazunguka weee, ukafika kwenye duka la dawa anakofanya kazi binti wa kwanza wa Mwalimu. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata yeye alicheka, tena sana, mpaka aliposoma namba za gari la mbele. Saa kumi jioni alikuwa amesimama sebuleni kwa wazazi wake, mkoba bado begani.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Baba, naomba funguo za gari."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Na wewe usiende popote tena."

Mama, aliyekuwa amenyoosha goti lake bovu juu ya kigoda, alipunguza sauti ya televisheni ili asipitwe. Binti akamwaga yote aliyokuja nayo: video, honi, watu wanavyomcheka baba yake, na zaidi ya yote nguzo ya geti iliyochubuliwa mwezi uliopita.

"Nguzo ile imejengwa vibaya," akasema Mwalimu.

"Imejengwa kabla sijazaliwa, baba, na miaka yote hiyo ulikuwa unaipita."

"Kinachoua watu ni mbio. Wewe mwenyewe mwaka huu umegonga mara mbili."

"Mara moja. Ya pili niligongwa."

Sasa Mwalimu angeweza kumwambia ukweli mwanawe, kwamba anaogopa. Kila Jumatatu na Alhamisi alimpeleka mkewe hospitali kwenye mazoezi ya goti, anamshusha mlangoni, anamngoja, anamrudisha, na siku hizo mbili ndizo zilizomfanya avae shati la kupiga pasi. Funguo zikiondoka, atakuwa mzee wa kukaa dirishani na kuuliza nani ana nafasi ya kutupeleka. Hilo lilimtisha kuliko kufa. Lakini wanaume wa aina yake hawasemi hivyo, wanajitutumua, na yeye akajitutumua.

"Kesho nampeleka mama yako mazoezi. Njoo ukae kiti cha mwalimu. Sheria unaijua."

Aliijua. Nani ndani ya nyumba ile asiijue? Mguu wa mwalimu ukigusa breki kwa haki, hata mara moja, mwanafunzi amefeli. Hakuna kujadiliana, hakuna machozi.

"Ukikanyaga, funguo ni zako," Mwalimu akaendelea. "Usipokanyaga, wewe na video zako mniache mpaka mnizike."

"Usije ukageuka, baba. Mama ni shahidi."

"Mimi ninachotaka ni kufika," akasema mama, akarudisha sauti ya televisheni.

Alhamisi saa tatu asubuhi wakatoka. Mama nyuma na fimbo yake, binti mbele kwenye kiti cha mwalimu, mguu wa kulia umekaa karibu na ile breki. Mwalimu alirekebisha kiti ambacho hakikuhitaji kurekebishwa, akavuta mkanda, akatazama vioo vyote vitatu, akaipita nguzo ya geti kwa nafasi ya kutosha na kukohoa kidogo ili watu waone.

Na aliendesha vizuri, lazima tuseme. Aliwasha taa ya kugeuka mapema, akampisha mwenye mkokoteni, akaingia mzunguko bila kumsumbua mtu. Mwili wa binti yake ndio uliokuwa unateseka. Kila barabara iliponyooka vidole vyake vya mguu vilijikunja vikitafuta mafuta yasiyokuwepo.

"Baba, hapa wanaruhusu hamsini."

"Wanaruhusu. Hawajalazimisha."

Mama alicheka kule nyuma, na binti naye akaponyokwa na tabasamu. Walikuwa wamebakiza mtaa mmoja wafike hospitali. Mwalimu moyoni alishaanza kuhesabu ushindi.

Ndipo likatokea gari la bluu. Lilikuja kwa kasi, likamganda nyuma, likapiga honi. Likapiga tena. Mwalimu aliinua macho kwenye kioo, akaona kijana, kofia kaigeuza kisogoni, mkono mmoja nje ya dirisha. Alijua kabisa kioo ni cha kutupia jicho na kuondoa jicho, amewakaripia wanafunzi elfu kwa kosa hilo. Lakini honi ya tatu ilimpanda kichwani. Akaondoa mguu kwenye mafuta, akauweka juu ya breki bila kukanyaga. Ishirini na tano. Ishirini. Ngoja na huyu afundishwe kungoja, akajisemea, na macho yake yakabaki kwenye kioo yakimsubiri kijana akasirike.

Mara breki ikazama chini ya mguu wake. Hakuikanyaga yeye. Ilimtoka tu unyayoni, taratibu, na mguu wake ukaifuata baadaye, umechelewa. Gari likasimama bila hata kumtingisha mama. Mwalimu akashusha macho kutoka kwenye kioo.

Mbele ya boneti lilikuwa linapita godoro. Mtu alikuwa amelibeba kichwani, limepinda pande zote mbili mpaka mabegani, na chini yake hakuonekana uso wala shingo, ila suruali na viatu vya raba. Alikuwa kwenye kivuko cha miguu, mahali pake kabisa. Hakuona chochote isipokuwa ncha za viatu vyake, kwa hiyo alikuwa amewaachia wenye magari wamtazamie. Kati ya gari na goti lake hapakuwa na nafasi ya kupitisha ndoo. Alivuka, akapanda ukingo wa pili, akaenda zake, na mpaka leo hajui.

Gari la bluu likaja ubavuni, dirisha likashuka. Mwalimu alijiandaa kutukanwa, na kujibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani kwa honi. Yule mtu mimi sikumwona kabisa. Ningekuwa mbele mimi, ningemzoa." Kijana akatikisa kichwa, akavua kofia yake, akaondoka polepole.

Mama alilipiga bega la mumewe kwa furaha. "Umesikia? Vijana nao wameanza kukujua." Kisha akamgeukia binti. "Na wewe, ulikanyaga?"

"Sikukanyaga, mama. Baba amesimama mwenyewe."

 Mwalimu alitia gia, akafika hospitali, akamshusha mkewe mlangoni kama kawaida, akaegesha kivulini. Walibaki wawili garini, injini imezimwa.

"Basi, umeshinda," binti akasema, huku akitafuta kitu mkobani ambacho hakikuwemo. "Kaa na funguo zako. Video nitawaambia waifute."

Hebu fikiria mtu kapewa kila alichokitaka. Mashahidi watatu, mkewe, mwanawe, na kijana wa honi ambaye kamsifu kwa shikamoo. Hakuna mahakama ambayo ingemnyang'anya funguo zile. Alizishika, akazitia mfukoni, akazitoa tena. Kila alipofumba macho aliona viatu vya raba, vya bluu, kamba moja imefunguka. Kama ni yeye peke yake na mkewe, Jumatatu ijayo, nani angekuwa kwenye kile kiti?

"Wewe umekanyaga," akasema.

"Sijakanyaga, baba."

"Mwanangu, uongo huo nimeusema mimi miaka thelathini na mmoja."

Na kweli alikuwa ameusema, ndiyo ufundi aliojivunia kuliko vyote. Mwanafunzi mwoga humkanyagii kwa kishindo. Unazamisha breki kidogo kidogo, gari linatulia, halafu unatazama nje na kumwambia umesimama mwenyewe. Akijua ameokolewa atatetemeka mwezi mzima, asipojua kesho anakuja kifua mbele. Binti yake hakuwahi kufundishwa jambo hilo. Alikuwa mwanafunzi tu, ana miaka kumi na tisa, siku alipokaribia kuivamia meza ya muuza nyanya, na Mwalimu akamwambia maneno hayohayo. Alijigamba wiki nzima nyumbani.

"Ile siku ya nyanya," Mwalimu akasema.

"Nilijua siku ileile. Breki ilizama mguuni mwangu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha sana, baba. Ningesemaje?"

Mwalimu akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia, akajifuta macho kwa mkono wa shati lililopigwa pasi. Binti aligeukia dirishani akajitia kusoma kibao cha saa za kutazama wagonjwa.

"Kilichokupofusha ni hasira, si uzee," akasema baadaye. "Hasira inaweza kumpata mtu yeyote."

"Inaweza. Na anayefeli kwa hasira naye amefeli." Akafungua mlango. "Shuka. Zunguka huku."

Mama alipotoka saa tano, fimbo mkononi, alimkuta mumewe kwenye kiti cha mwalimu na binti nyuma ya usukani.

"Mbona umekaa huko?"

"Nimefeli," Mwalimu akamjibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwatangazia wengine.

Mama alimtazama, akamtazama binti, akaelewa.  Alipanda nyuma, akaulaza mkono wake begani kwa mumewe na kuuacha hapo.

"Jumatatu na Alhamisi nitakuwa nakuja mimi," binti akasema, akiwasha gari. "Nimeshampigia bosi simu anibadilishie zamu."

"Na mimi nitakaa hapa," akasema Mwalimu.

"Kaa, baba. Nani kakukataza?"

Binti aliondoka kwa mguu wake ule mzito. Kufika barabara iliyonyooka mshale ulikuwa umepita hamsini, unaitafuta sitini, na gari kuukuu lilianza kuguna kwa mambo ambayo halijayazoea. Mwalimu alikaa, mikono magotini, mkanda kifuani. Mbele kilionekana kile kivuko. Binti akaondoa mguu kwenye mafuta, akaupeleka kwenye breki, na akaikuta imeshaanza kuzama, taratibu, bila kishindo. Mshale ukarudi mpaka thelathini. Akamgeukia baba yake, mdomo wazi. Baba yake alikuwa anatazama nje, upande wa maduka.

"Afadhali umepunguza, mwanangu," mama akasema kule nyuma. "Nilikuwa nataka kukwambia."

"Hahitaji kuambiwa," akasema Mwalimu. "Amepunguza mwenyewe."