Kipimo cha Wahabu

Rafiki yangu Wahabu alifia Sharjah, Uarabuni, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupiga hesabu ya ndege, kwa sababu nina simu nzuri na mdomo mrefu.

"Kutoka kule mpaka Entebbe ni kilomita elfu tatu na mia tatu hivi," nikawatangazia watu wa matanga. "Angani saa tano na nusu. Entebbe mpaka hapa Bwera, barabara saa tisa. Anaondoka leo usiku, kesho saa nane tunamzika. Huyu mtu maisha yake yote alikuwa anachelewa. Kesho atawahi!"

Walicheka. Hata Mama Hamidah, mama yake, alicheka kidogo. Nikajiona nimeweza.

Ijumaa asubuhi tukachimba. Mwili wa kupima haukuwepo, basi nikaruka ndani ya shimo nikajilaza.

"Mimi na Wahabu tulikuwa tunaazimana suruali. Chimbeni kwa kunifuata."

Kosmasi, jirani yetu, akaacha jembe. "Siraj, toka humo."

"Ngoja kwanza, iko baridi nzuri."

"Toka, nasema!"

Nikatoka nikicheka. Mabega yangu yalibaki yamechorwa kwenye udongo.

Saa nane ikapita. Saa kumi akapiga simu Benon, dereva aliyekwenda kumpokea marehemu.

"Siraj, sanduku iko Addis Ababa. Ilikuwa ndege mbili, haikuwa moja. Karatasi ya ndege hukusoma?"

Sikuisoma. Nilisoma simu: mji huu mpaka mji ule, mstari ulionyooka. Wahabu angefika kesho yake asubuhi.

Hapo utani ukaniishia. Watu wa kwetu hawaachi kaburi lilale tupu. Wanaamini litajitafutia mtu. Watu wa matanga wakanitazama, kuanzia miguuni mpaka kichwani, polepole, kama fundi wa nguo.

"Kata mugomba," Mama Hamidah akasema. "Ilale pahali ya mutoto yangu."

Shehe Faruk akakohoa, akageuka kuangalia milima.

Mgomba wa namna hiyo hukatwa kwa urefu wa mwenye kaburi. Na urefu wa Wahabu nani alikuwa nao? Wakaniegemeza kwenye shina. Panga la Kosmasi likapita juu ya nywele zangu, maji ya mgomba yakanidondokea shingoni. Yalikuwa na baridi ileile ya shimoni.

Nilipofika nyumbani nikafungua ujumbe wa mwisho wa Wahabu: "Nakuja mwezi ujao, nishikie nafasi." Chini yake nilikuwa nimemjibu, "Nimeshakushikia, kaka."

Jumamosi akafika. Mgomba ukatolewa, yeye akaingia, akaenea sawasawa. Baada ya dua watu wakaanza kuondoka, kila mmoja akiuzunguka ule mgomba pale majanini bila kuugusa.

"Sasa hii ni ya nani?" nikauliza, nikijaribu kuchekesha.

Mama Hamidah akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Ni yako, mwanangu. Enda uizike."

Niliubeba begani, ukilowesha shati langu, nikauzika nyuma ya nyumba yetu. Kutoka kitandani kwangu mpaka pale ni hatua kumi na moja. Safari hii nimepima kwa miguu, mara tatu. Muda wake ndio sijui, na simu siiulizi.