Pumzi Ndogo ya Kidoti

"Maziwa yamemtokea puani tena," mama mpya alisema, na mlezi akageukia dirishani asionekane anatabasamu.

Mtoto mwenyewe, Kidoti, alikuwa wa miezi minane, na doa jeusi juu ya nyusi, na kaakaa lililopasuka tangu kuzaliwa. Aliokotwa kwenye benchi la zahanati, kaviringishwa taulo. Mlezi ndiye aliyempokea katika nyumba hii ya watoto na kumlisha maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, miezi saba ya usingizi wa mang'amung'amu. Sasa anakuja mwanamke na viatu vyake vipya na barua ya ustawi wa jamii, eti aitwe mama! Kijiba cha roho kilimshika mlezi.

Nesi mkuu alikuwa ametoa sharti: siku tatu mama mpya amlishe peke yake, asubuhi ya nne mtoto apimwe. Uzito ukishuka, Kidoti habanduki hapa, na mwanamke atatafutiwa mtoto mwingine.

Basi mlezi alimfundisha yote yaliyobandikwa ukutani. Mkalishe wima. Kijiko kidogo. Usimharakishe. Alichoacha ni kile ambacho hakikuandikwa popote: Kidoti mdomo ukimjaa husahau kumeza, na ukimpulizia pumzi ndogo usoni, hushtuka kidogo, akameza. Mlezi aligundua hilo mwenyewe, na hakuona kwa nini amgawie mtu aliyekuja juzi.

Siku ya tatu asubuhi nesi alichungulia mzani, akaguna. "Gramu tisini chini. Kesho ikiwa hivi, basi tena."

Mlezi alikwenda kufua nepi. Aliporudi, alimkuta mama mpya kavua vile viatu, blauzi imelowa maziwa kifuani, kijiko bado mkononi.

"Dada, labda hanitaki," alisema bila kuinua kichwa.

Kidoti alikuwa na maziwa mdomoni. Aligeuza shingo, akamwangalia mlezi. Ananitafuta mimi, mlezi aliwaza, na furaha ikamjaa hata akaona aibu. Kisha akatazama vizuri. Mtoto hakuwa anamwangalia machoni. Alikuwa anaangalia midomo yake. Alikuwa na njaa, na alikuwa anangoja.

"Mpulizie," mlezi alisema.

"Nini?"

"Usoni. Kidogo tu, kama unapoza chai."

Mama mpya akapuliza. Kidoti akapepesa macho, koo likapanda, likashuka. Kijiko cha pili, pumzi, akameza. Cha tatu. Kikombe kikaisha bila hata tone kutoka puani.

Mama mpya alikifuta kijiko polepole. "Ulikuwa unajua siku zote hizi?"

"Nilikuwa najua."

"Mtoto anashinda na njaa mikononi mwangu, na wewe umesimama hapo hapo!"

"Nilikuonea wivu, dada. Hata sasa nakuonea."

Mlezi alingoja atukanwe, na angestahili. Mama mpya alisogeza kiti kingine kwa mguu.

"Kaa," alisema, uso bado umekunjamana. "Niambie na mengine yote. Usibakize hata moja."

Akakaa, akamwambia. Hulalia ubavu wa kulia. Akivuta sikio, tumbo linamsumbua. Kila neno lilimtoka kwa shida, maana kila alilosema lilikuwa si lake tena.

Kesho yake mzani ulipanda, nesi akaridhia.

Saa tano gari lilisimama mlangoni. Mama mpya aliketi nyuma na Kidoti mapajani, kijiko mkononi, kwani safari ilikuwa ndefu na mlo haungoji. Kupitia kioo mlezi alimwona akiinamisha kichwa. Kidoti alikuwa akiangalia juu, hana habari na mtu wa nje.

Gari likaondoka. Mlezi alibaki kwenye ngazi, nepi alizokuwa akifua zi mkononi, zikimdondokea maji miguuni, na midomo yake imejikunja, ikipuliza kidogo kidogo.