Kijiko cha Pili

"Soma mwenyewe basi," mama alisema, akamsukumia mumewe kipimajoto juu ya meza. "Thelathini na saba nukta nne. Au macho yangu nayo yameingia kwenye orodha ya vitu usivyoviamini?"

Mumewe hakukigusa. Alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono ya ovaroli yake ya bluu imefungwa kiunoni, kikombe cha chai kimepoa mkononi, na alikuwa akimtazama mtoto.

"Namba nimeiona," alisema. "Mtoto umemwona?"

Mtoto alikuwa mwisho wa meza, soksi moja mguuni, ya pili mkononi. Nyumbani walimwita Kiroboto, na jina hilo hakupewa bure. Katika miaka yake sita hajatokea mtu aliyemvalisha sare bila kumkimbiza kuizunguka meza angalau mara mbili. Leo alikuwa ametulia tuli, shavu ameliegemeza kwenye mbao, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Maziwa yake yalikuwa yameota utando juu.

"Amelala vibaya tu," mama alisema. "Hata wewe ukilala vibaya unakuwa hivyohivyo, na kazini unakwenda."

"Mimi sina miaka sita."

"Kuna siku nina wasiwasi na hilo."

Siku nyingine mzaha huo ungemtoa kicheko. Hakucheka. Walikuwa wameanza saa kumi na mbili na robo, na sasa ilikaribia kuwa na nusu. Baba alisema mtoto amekataa mkate, tena wenye siagi. Mama akasema mtoto hukataa mkate kila siku ya somo la hesabu. Baba akasema sikio linamuuma. Mama akasema sikio liliingia maji juzi bafuni. Baba akasema shingo yake ina moto. Hapo mama alinyoosha kidole kwenye mlango wa friji, kwa kuwa karatasi iliyobandikwa pale ilitosha kumjibia.

Hawa walikuwa watu wawili wanaoishi kwa namba. Mama alikuwa mpimaji kwenye mizani ya malori, na stashahada yake ilining'inia sebuleni juu ya televisheni, ndani ya fremu, ionekane. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, kazi yake kupima baridi. Mwaka uliopita, baada ya kugombana asubuhi nne ndani ya mwezi mmoja kuhusu nani anamdekeza mtoto na nani ana moyo wa jiwe, walikaa chini wakaandika sheria. Joto likifika thelathini na nane, mtoto habanduki nyumbani. Likiwa chini ya hapo, anakwenda shule. Wa kubaki naye ni kwa zamu. Wakatia saini wote wawili, na Kiroboto akatia yake, paka mwenye miguu mitano. Tangu siku hiyo amani ilitawala. Kipimo kikisema, kimesema.

Zamu hii ilikuwa ya mama.

Na leo, katika siku zote za mwaka, wakaguzi wa vipimo walikuwa wanakuja kituoni. Wangefika saa mbili na nusu, na yeye ndiye aliyetakiwa kuwaonyesha kwamba mizani haisemi uongo. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia mbele ya watu, bila hata kupepesa jicho, kwamba mwezi uliopita amekosa siku mbili, na kwamba asipoonekana leo, kiti cha msimamizi wa mizani atakikalia msaidizi wake. Kiti hicho alikuwa amekisubiri miaka saba.

Ndiyo maana alifanya alichofanya saa kumi na moja alfajiri.

Mtoto ndiye aliyemwamsha, kwa kumgusa bega. "Mama, sikio langu lina nyuki." Mama alimtoa hadi koridoni polepole, baba asiamke, akampima kwa mwanga wa simu. Thelathini na nane nukta saba. Alisimama na namba hiyo mkononi kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma namba. Kisha akaenda jikoni, akafungua kabati, akatoa chupa ya dawa ya maji ya kushusha homa, akamnywesha kijiko kimoja kamili. Alipomfuta mdomo alimnong'oneza, kwa sauti ileile wanayotumia wakimfichia baba zawadi: "Hii siri yetu wawili." Kiroboto, ambaye hupenda siri kuliko peremende, akaitikia kwa kichwa.

Saa moja na robo baadaye akampima tena, safari hii mbele ya baba, mezani, taa zote zikiwaka.

Kazini aliwakamata madereva kwa jambo hilohilo. Dereva mjanja haichezei mizani. Analipandisha lori lake taratibu, anazima injini, anasalimia vizuri, ila tairi moja la nyuma analiacha nje ya jukwaa, upana wa kiganja tu. Mizani inasema ukweli mtupu kuhusu ilichobebeshwa. Kwa hiyo yeye hakuwahi kuandika namba kabla ya kutoka nje na kulizunguka lori kwa miguu, jua liwe kali au mvua inyeshe. Madereva walimpachika jina la Mama Zunguka, nao hawakumaanisha sifa.

Leo yeye ndiye aliyekuwa ameacha tairi nje, na alikuwa akiomba mumewe asizunguke.

Akili yake ilikuwa kwenye saa ya ukutani. Basi la shule, saa moja. Dawa ingemshikilia mtoto mpaka saa tatu, ikizidi sana saa nne. Baada ya hapo? Mwaka jana, kabla ya sheria kuandikwa, mwalimu alimpigia simu saa tano. Alipofika alimkuta Kiroboto amelazwa juu ya madawati mawili yaliyosogezwa pamoja, wenzake wakimpepea kwa madaftari, midomo imemkauka, akimwita mwalimu shangazi. Alijiambia kwamba ile ilikuwa homa kweli, na hii ni mafua yamepanda sikioni. Alijiambia mara tatu. Hakujiamini hata mara moja. Kama simu ingeita saa tano leo, angekuwa juu ya jukwaa na wakaguzi, simu imezimwa.

"Haya," mumewe alisema hatimaye, akaweka kikombe kwenye sinki. "Umeshinda. Sheria tuliiandika wenyewe, siwezi kuigeuka kwa sababu leo hainifurahishi. Aende."

Mama alitegemea kwamba akisikia neno hilo atashusha pumzi. Badala yake alijitia anapanga madaftari ya mtoto.

"Ila haendi na sikio hilo hivihivi," mumewe aliendelea, akafungua kabati. "Nampa kijiko cha dawa kwanza."

"Cha nini? Homa hana."

"Cha maumivu. Imeandikwa hapa, maumivu na homa. Hata mwenye stashahada anaweza kusoma."

Mama akasema dawa asubuhi itamtia mtoto usingizi darasani. Mumewe akasema afadhali asinzie kuliko alie. Akasema basi ampe akitoka shule. Mumewe akauliza tangu lini imekuwa vigumu kumpa mtoto wako dawa, na kwamba kijiko kimoja hakijapata kuua mtu.

Lebo ya chupa ile mama aliijua bila kuiangalia: kati ya kijiko na kijiko, muda usipungue saa nne. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili na nusu. Ilikuwa imepita saa moja na nusu.

Mumewe alitikisa chupa, akafungua kifuniko, akamimina mpaka dawa ya waridi ikalingana na ukingo wa kijiko. Ni mtu wa vipimo, hakuzidisha tone. Aliiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Hii imepungua," alisema. "Au mimi ndiye nasahau." Hakungoja jibu. Akachuchumaa mbele ya kiti. "Kiroboto wa baba. Sema aaa."

Kiroboto aliinua kichwa kutoka mezani. Hakumtazama baba. Alimtazama mama yake moja kwa moja, macho yakimeta, midomo ameikaza kama aliyebebeshwa bakuli lililojaa akaambiwa asimwage. Alikuwa anailinda siri. Kisha, kwa utiifu ambao hajawahi kuuonyesha kwa soksi wala kwa mkate, akafungua kinywa.

"Usimpe," mama alisema.

Kijiko kikasimama.

"Nimeshampa. Saa kumi na moja."

Upande wa pili wa ukuta redio ya jirani ilikuwa ikisoma hali ya hewa. Mumewe aliinuka polepole, kijiko amekishika sawasawa kisimwagike, kana kwamba kumwagika ndiko kungekuwa hasara ya asubuhi ile.

"Ilikuwa ngapi?"

"Thelathini na nane nukta saba."

"Kijiko kizima?"

"Kizima."

Akatazama saa, naye mama akajua anapiga hesabu ileile aliyokuwa anaipiga yeye. Alimwaga dawa kwenye sinki, akafungua bomba, akaosha kijiko, akaendelea kukiosha kilipokwisha kuwa safi.

"Ungekuwa mkono wangu," alisema, mgongo bado umemwelekea. "Unaelewa? Wewe ungekuwa umesimama hapo unaniangalia, na mkono ungekuwa wangu."

Mama alikuwa na maneno ya kujitetea. Alikuwa ameyapanga tangu alfajiri, yamekaa foleni: miaka saba, wakaguzi, mkuu wa kituo, siku mbili za mwezi uliopita. Badala ya kuyasema alichukua chupa ya dawa, akaifunga kifuniko.

"Na yeye?" mumewe aliuliza, akimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Anajua?"

"Nilimwambia ni siri."

"Anajua kutunza, huyo." Alijifuta uso kwa kiganja kilicholowa. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza zaidi, maana kelele angeweza kuzijibu. Kisha akasema jambo ambalo mama hakulitarajia. Alisema aende kwa wakaguzi wake, yeye atabaki. Atapiga simu hospitali, awaambie friji la chanjo aliloitiwa leo litengenezwe kesho.

Alimjua mumewe. Hakuwa anamtega wala kumsimanga. Alichosema ndicho alichokusudia. Mkoba wake ulikuwa tayari mlangoni, viatu vya kazi vimeng'arishwa. Angeweza kusema asante, akashuka ngazi, na saa mbili kamili angekuwa juu ya jukwaa. Kiti kingekuwa chake. Na kila mara ambapo angekikalia angekiona kinywa kile kimefunguliwa.

"Chanjo haziwezi kungoja kesho," alisema. "Na zamu ni yangu."

"Mimi sizungumzii zamu."

"Mimi naizungumzia. Nenda kazini, Baba Kiroboto. Sikukatazi kukasirika, kasirika ukiwa huko."

Honi ya basi la shule ilipigwa nje, dakika kumi kabla ya wakati, kama kawaida ya dereva yule akiwa na haraka zake. Mama alifungua dirisha, akamwambia dereva kwamba mtoto haendi leo. Dereva akauliza kama na kesho. Akasema hajui, atamwambia akijua, na akafunga dirisha kabla hajapata muda wa kubadili nia. Mumewe alikuwa bado anafunga zipu ya ovaroli mama aliposhika simu.

Simu ya asubuhi kwa mkuu wa kituo aliwahi kuipiga mara nyingi, na kila mara alikuwa na gari bovu au bomba lililopasuka la kusingizia.

"Mkuu, siji leo. Mtoto ana homa, nampeleka zahanati."

Mkuu akauliza kama nyumbani hakuna mtu mwingine. Mama alijibu kwamba yupo, lakini anayebaki ni yeye. Mkuu akamkumbusha wakaguzi, mama akasema anawakumbuka. Mkuu akamkumbusha kile kiti, na jinsi maneno yalivyosemwa mbele ya watu.

"Nakumbuka, mkuu. Mpe msaidizi wangu. Mawe ya kupimia yako kwenye kabati la chuma, ufunguo uko nyuma ya kalenda. Aanze na pembe zote nne, halafu katikati. Na upande wa nyuma changarawe hunasa chini ya jukwaa, afagie kabla ya kusoma chochote."

"Unajua hii maana yake nini?"

"Najua, mkuu," alisema. Akakata simu kabla hajaulizwa jingine.

Mumewe alisimama mlangoni na sanduku lake la vifaa. Alimwambia ampigie wakimaliza na daktari, saa yoyote ile, ataipokea hata akiwa na kichwa ndani ya friji. Aliondoka bila kumgusa bega kama alivyozoea, na mama akaona ni haki.

Alichuchumaa mbele ya kiti. Shingo ya mtoto ilikuwa imeanza kupata moto tena.

"Ile siri imekwisha," alisema. "Nilikosea. Ukiumwa, ukipewa dawa, unasema. Kwa baba, kwa mwalimu, kwa yeyote."

Kiroboto alifikiri. "Hata wewe ukikataza?"

"Mimi nikikataza ndiyo useme zaidi."

Akachukua kalamu na kipande cha karatasi, akaandika yale ambayo daktari angeuliza: saa kumi na moja, 38.7, kijiko kimoja. Akakitia mfukoni pamoja na kadi ya kliniki, akamfunika mtoto kwa koti, akambeba mgongoni na kuteremka ngazi. Zahanati ingefunguliwa saa moja na nusu, na alitaka wawe wa kwanza mstarini.