Mvua ya Maksi Mbili

Saa tano hakimu angefunga faili la Lenox, na saa tatu mimi nilikuwa bado nasugua sufuria ya uji huko Kileleshwa.

Faili likifungwa bila shahidi, Lenox angebaki kwenye vitabu vya serikali kuwa jambazi aliyeuawa akiwa na bastola kwenye mfuko wa nailoni. Dada yake, Awuor yule mwimbaji, alikuwa ameyasema hayo asubuhi hiyo kwenye stesheni moja ndogo iliyokuwa ingali inampa nafasi. Hakulia.

“Kuna mtu aliona,” alisema. “Sijui ni mama, sijui ni baba. Mwaka mzima nimekuimbia uje. Leo ndiyo mwisho.”

Mtu huyo alikuwa mimi.

Mama Jeremy, mwajiri wangu, alikuwa akitafuta funguo za gari chini ya magazeti.

“Ngina, leo usitoke. Fundi wa bomba anakuja.”

“Nampeleka Anita kliniki, Mama Jeremy.”

“Si ulimpeleka juzi?”

“Walisema turudi.”

Alinitazama, kisha akaitazama redio. “Huyu Awuor naye. Si angeimba tu zile za mapenzi? Alikuwa anaimba poa, sasa ni kelele tu na serikali. Utarudi saa ngapi?”

“Mchana.”

Sikuwa nimewahi kumdanganya. Nilikausha mikono, nikamfunga Anita mgongoni kwa leso, nikachukua mfuko wake wa nepi. Katikati ya nepi nilikuwa nimeficha daftari langu la Kiswahili.

Ni kweli Awuor alikuwa anaimba poa. Mimi nimekulia Waithaka, nyuma ya kanisa alipoanzia, na nilimwona akiwa msichana wa miguu miembamba, akiimba sauti ya tatu kwaya nzima ikimfuata bila kujua. Halafu akatoa kaseti yake ya kwanza, ile ya “Sukari ya Jirani”, na mwaka huo hapakuwa na harusi wala saluni ambayo haikuicheza. Wakamweka kwenye bango kubwa la sabuni Ngong Road, akicheka na povu mkononi. Tukipita tulikuwa tunamwambia, “Sasa Awuor,” kana kwamba atatujibu.

Alipouawa ndugu yake, Machi mwaka wa elfu mbili na tano, alinyamaza miezi mitatu. Juni akatoka na wimbo mmoja tu, “Nusu Mkate”. Anasema ndani yake kwamba yeye ndiye aliyemtuma Lenox dukani jioni ile, alete nusu mkate wa chai, na kwamba walimletea maiti na bastola. Ubeti wa tatu hauna maneno. Gitaa linaendelea, ngoma inaendelea, yeye anasimama mbele ya maikrofoni mdomo umefungwa. Nafasi hiyo, alieleza, ni ya aliyeona.

Stesheni kubwa ziliacha kuucheza. Bango la sabuni likashushwa, akawekwa msichana mwingine, povu lile lile. Alikamatwa mara mbili kwa kuimba nje ya mahakama. Kila tarehe ya kesi alirudi palepale kwenye ngazi, na gitaa moja, na watu wakaanza kumjia, kumi, hamsini, mia mbili. Walipofika kwenye kile kimya, wote walinyamaza.

Mimi kimya hicho nilikisikia nikipiga pasi. Mara nyingi nilizima redio kabla hakijafika.

*

Niliona hivi. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na moja na nusu jioni, jua bado lipo. Nilikuwa naenda masomo ya jioni karibu na Dagoretti Corner, Anita mgongoni, ana miezi minne. Kijana alitoka dukani na mkate kwapani, anapiga mluzi. Gari jeupe likasimama, wakashuka wanaume wawili bila sare. “Lala chini!” Akainua mikono, mkate ukaanguka. Akainama kuuokota, nafikiri bila kufikiri, kama mtu yeyote aliyeangusha chakula. Wakampiga risasi palepale. Mmoja wao, mwenye kovu kwenye nyusi, akauokota mkate akautupa ndani ya gari. Kisha akarudi na mfuko wa nailoni, akauweka karibu na mkono wa marehemu.

Nilikuwa nyuma ya kibanda cha makaa. Nilikuwa nimeuziba mdomo wa mtoto wangu kwa kiganja.

Halafu nikaenda darasani. Watu wananiuliza niliwezaje. Sikujua pengine pa kwenda. Mwalimu Jamleck, mwalimu wetu wa Kiswahili, alikuwa ameandika ubaoni: *Andika insha kuhusu tukio ulilolishuhudia.* Wenzangu waliandika ajali na harusi. Mimi mkono wangu uliandika wenyewe.

*

Jengo la mahakama lilijaa hadi mlangoni. Nje, kwenye ngazi, umati ulikuwa umekaa kimya ukingoja. Nilipita kichwa chini. Kwenye korido nilisimama kuuliza chumba, na mtu akanijibu kutoka nyuma.

“Unatafuta nani, mathe?”

Nikageuka. Koti la ngozi. Kovu kwenye nyusi.

“Natafuta… choo cha mtoto.”

“Mtoto mrembo.” Alimtekenya Anita shavuni, akatoa peremende mfukoni, akampa. “Anaitwa nani?”

“Shiku.”

“Shiku wa wapi?”

“Wa huko mjini Kikuyu.”

“Choo ni kule chini.” Alitabasamu. “Huku ni kwa watu wa kesi. Huku watu wanajiletea shida bure.”

Nilishuka ngazi kama niendaye chooni. Nikaingia, nikajifungia, nikamnyang'anya Anita ile peremende mkononi naye akalia. Nikaangalia saa kwenye simu: saa tano kasoro dakika kumi na tano. Ningeweza kurudi Kileleshwa. Fundi wa bomba angenikuta. Nilimtazama mwanangu anavyolia, mdomo wazi kabisa, na kiganja changu kikainuka chenyewe kuuziba kama siku ile.

Nikakishusha. Nikamwacha alie. Nikapanda ngazi za upande wa pili naye akilia hivyo hivyo, na kilio chake ndicho kilichonifungulia njia, maana watu husogea mtoto akilia.

“Kama hakuna shahidi mwingine,” hakimu alikuwa akisema, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, “mahakama hii—”

“Niko,” nikasema.

Awuor alikuwa benchi la mbele. Aligeuka. Bila povu na bila bango alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

*

Niliapishwa. Nilisema yote, kuanzia mluzi hadi mfuko wa nailoni. Nilisema nikiangalia mbao za kizimba, sikuthubutu kuangalia nyuma ambako nilijua koti la ngozi limeshaingia.

Kisha akainuka wakili wa polisi, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa.

“Pole na mtoto, mama. Wewe ni shabiki wa Awuor?”

“Ndiyo.”

“Kaseti zake unazo ngapi?”

“Mbili. Moja ilimezwa na redio.”

Watu walicheka. Naye akacheka. “Basi wimbo wa ‘Nusu Mkate’ unaujua. Hata mimi naujua, mke wangu hanipi nafasi. Kijana, duka, mkate. Leo, baada ya mwaka mzima, siku ya mwisho, saa ya mwisho, unatokea na kijana, duka na mkate. Umeutoa kwenye wimbo, sivyo?”

“Hapana. Mkate niliuandika kabla ya wimbo.”

“Uliuandika wapi?”

Nilipekua kati ya nepi. Karani alilishika daftari kwa vidole viwili, akampelekea hakimu, hakimu akavaa miwani. Tarehe ya juu, kwa mwandiko wangu: 14 Machi 2005. Tarehe ya chini, kwa wino mwekundu wa mwalimu: 16 Machi. Niliona Awuor akihesabu kwa vidole hadi Juni.

“Naomba nione,” wakili akasema. Alisoma kimya, kisha uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata funguo zake. “Mheshimiwa, niruhusu nisome kwa sauti. ‘Mvua ilikuwa ikinyesha kana kwamba mbingu zimetobolewa. Radi ilinguruma mithili ya simba aliyenyang'anywa windo. Nami nilijikunyata mithili ya kifaranga.’” Akaniangalia kwa upole. “Mama Shiku. Au jina lako nani vile?”

Jina lile nilikuwa nimempa mtu mmoja tu, kule kwenye korido.

“Ngina,” nikasema.

“Ngina. Tarehe kumi na nne Machi, mvua ilinyesha?”

Nililitazama daftari mkononi mwake.

“Haikunyesha.”

“Haikunyesha! Ninayo ripoti hapa, hata tone. Na radi?”

“Hakukuwa na radi.”

“Na simba?”

Watu walicheka tena, safari hii si pamoja nami. Awuor aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa mbao za benchi.

“Kwa hiyo umeandika uongo.”

“Ndiyo.”

“Basi Mheshimiwa, sina swali jingine. Shahidi mwenyewe—”

“Mheshimiwa,” nikasema, na sauti yangu ikatoka juu kuliko nilivyotaka, “soma pale chini. Pale pekundu.”

Hakimu alinyoosha mkono. Wakili alichelewa kidogo kumpa daftari. Hakimu alisoma polepole, kama mtu ambaye naye aliwahi kusahihishwa.

“‘Mvua: tamathali nzuri, ongeza mbili. Mkate: hauaminiki. Gazeti limesema alikuwa jambazi. Jambazi hafi akiwa na mkate. Toa tatu. Rekebisha, nitaongeza. Kumi na moja kwa ishirini.’” Akashusha miwani. “Eleza.”

“Mwalimu wetu anasema insha bila mvua ni chai bila sukari. Sisi wote tunaweka. Ukifungua madaftari ya darasa letu lote, Nairobi ilifurika mwaka mzima.” Nilisikia mtu akiguna nyuma. “Mvua niliiweka ili nipate maksi, na nikapata. Lakini mkate ulininyima maksi. Aliniita mezani akaniambia, ‘Ngina, wewe mwandishi mzuri, ondoa huo mkate, weka bastola, nikupe kumi na sita.’ Nilikuwa nazitaka hizo maksi, Mheshimiwa. Sikuwahi kupata kumi na sita.”

“Na kwa nini hukurekebisha?”

“Kwa sababu niliuona.”

Hakuna aliyecheka. Hakimu aliandika muda mrefu. Anita alikuwa amelala, kichwa chake kizito katikati ya mabega yangu, na nilijua swali linalofuata kabla halijaulizwa.

“Mtu aliyeuokota mkate. Ukimwona utamjua?”

Hapo ndipo nilipogeuka. Alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango, mikono mfukoni, na alinitikisia kichwa taratibu, kama mzazi anayemkataza mtoto kugusa moto. Nilifikiria kibanda cha makaa. Nilifikiria kwamba mwanangu atakua, ataniuliza siku moja ulikuwa wapi, nami nitamjibu nini.

Niliinua mkono, nikamwonyesha.

“Leo asubuhi amempa mtoto wangu peremende,” nikasema. “Akaniuliza jina, nikamdanganya. Nilisema Shiku. Sijui wakili amelijuaje.”

Ukumbi ulivuma. Wakili alikaa. Hakimu aligonga meza mara tatu, akaamuru mlango ufungwe na yule mtu asitoke, daftari libaki mahakamani, mwalimu Jamleck aitwe. “Faili halifungwi,” akasema, na akalirudia kwa Kiingereza ili liandikwe.

*

Kwenye korido waandishi walinipiga picha hadi nikaona nyota. Nilijua kesho Mama Jeremy angeniona gazetini, na si kliniki. Wakili wa Awuor alikuwa ananieleza kwa haraka habari ya nyumba ya masista ambako ningelala na Anita, mimi nikiitikia tu bila kusikia.

Awuor alinifikia. Nilitayarisha pole ya mwaka mzima. Hakuingoja.

“Umesema alikuwa na mkate kwapani.”

“Ndiyo.”

“Nusu?”

Sikuelewa. “Ulikuwa mzima. Ule mrefu, na karatasi yake.”

“Nilimtuma nusu.” Alishika ukuta. “Alikuwa na mshahara wake wa kwanza siku hiyo, pale kwa fundi wa magari. Nikamwambia usijaribu kununua mzima, tuko wawili tu, utakauka. Tukagombana kidogo. Akatoka akipiga mluzi.” Akanitazama. “Kwa hiyo alinunua.”

“Alinunua.”

Alifuta uso kwa mikono yote miwili, akatoka nje kwenye ngazi. Mtu alimpa gitaa. Umati ulisimama. Waliimba naye ubeti wa kwanza, wa pili, *nilimtuma nusu mkate*, sauti mia mbili kati ya mahakama na barabara. Askari wa mlangoni waliangaliana, hakuna aliyesogea. Kisha ikafika ile nafasi, watu wakafunga midomo kama walivyozoea.

Awuor hakunyamaza.

“Akanunua mzima,” aliimba, peke yake, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na neno. “Akanunua mzima.”

Anita aliamka mgongoni mwangu akaanza kupiga makofi, nje ya mapigo kabisa. Nilimwacha apige.