Besi ya Mama Pacha

Viti vya plastiki vya ukumbi wa sanaa wa mtaa vilipangwa safu tano. Chenye mguu mbovu kikawekwa mbele kwa ajili ya mgeni rasmi, maana ndicho pekee chenye mto. Mshereheshaji akapuliza kipaza sauti, akatangaza kwamba jioni ya kusoma mashairi na hadithi imeanza.

Mama Pacha alikaa safu ya pili na wifi yake, ndani ya gauni jipya lililombana kwapani. Alikuwa na jambo lake. Mashairi yote yaliyompa mumewe sifa mtaa mzima, yeye ndiye aliyeyatunga, kwa mdomo, akiosha vyombo jikoni. Baba Pacha hukaa sebuleni, kalamu mkononi, anadaka na kuandika. Juzi alimwapia, "Safari hii nitakutaja mbele za watu, mke wangu." Mama Pacha si mtu wa makuu. Alitaka kutajwa tu, hata mara moja, na wifi yake awepo asikie.

Baba Pacha akapanda jukwaani, akakohoa kwa ile sauti yake nzito ya besi inayotetemesha vikombe. "Shairi hili ni langu," akasema. "Nimelitunga kwa jasho langu mwenyewe."

Mama Pacha akahisi kitu kimemchomoka kooni, kama mwiba wa samaki. Mumewe alipofungua tena kinywa, ikatoka sauti ya Mama Pacha.

Watu waliendelea kujipepea. Sauti ikasoma ubeti wa kwanza, wa mwanamke anayengoja mvua kwenye dirisha lisilo na kioo. Kisha, kwa kuwa Baba Pacha hudaka kila anachosikia bila kuchambua, ikaendelea: "Nyie watoto, shukeni juu ya meza. Na nani kamaliza sukari?" Halafu ubeti wa pili.

"Ni sauti yako kabisa, wifi," wifi akanong'ona. "Kaka ana kipaji, jamani."

"Hapo kwenye sukari kanigusa," akasema mgeni rasmi, akatikisa kichwa, na kiti nacho kikatikisika.

Mama Pacha akasimama, gauni likaachia kwapani. "Shairi hilo ni langu," akasema. Ikatoka besi. Kwenye meza ya chai vikombe vikatetemeka.

"Mmesikia wenyewe," akasema mshereheshaji. "Sauti ya Baba Pacha hiyo. Mwenye shairi kathibitisha mara ya pili. Mama, kaa basi, unawaziba wa nyuma."

"Nasema ni langu mimi," akanguruma Mama Pacha.

"Ya tatu hiyo," akasema mshereheshaji, na makofi yakapigwa.

Akakaa. Angefanyaje? Alitamani kulia, lakini kulia kwa besi mbele za watu akaona haya.

Baba Pacha akapewa cheti chenye fremu, jina lake limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Njiani mkewe ndiye aliyekibeba, maana mikono ya mshairi ilikuwa na kazi ya kupeana salamu na majirani.

"Si uliniapia?" akamuuliza kwa besi.

"Nilipitiwa, mama," akajibu mumewe kwa sauti laini ya mkewe. "Mwezi ujao, haki ya Mungu."

Kudanganywa alikuwa amezoea. Kudanganywa kwa sauti yake mwenyewe ndiko kulikomuuma.

Nyumbani vyombo vilikuwa palepale vilipoachwa. Mama Pacha akakunja mikono ya gauni, akaanza kusugua sufuria, na mstari ukamjia. Akaubana kwa meno. Ukatoka hivyo hivyo, mzito, ukaenda mpaka chumbani kwa watoto.

"Baba, leo unaosha vyombo?" pacha wakauliza.

"Hapana," akajibu mama yao kwa besi.

"Tulijua," wakasema, wakageukia ukutani kulala.

Sebuleni kifuniko cha kalamu kikalia. "Mama Pacha," sauti yake mwenyewe ikamwita kwa upole, "huo mstari sijaudaka. Hebu rudia."

Mama Pacha akautazama ukoko uliogandia chini ya sufuria. Alijua mstari huo utakwenda wapi, na kwa jina la nani. Akaurudia, maana ulikuwa mzuri.