Fundo la Mkono wa Kushoto

Nkwabi aliifunga kamba ya tanga mlingotini kama mtu anayefunga fahali: mizunguko mingi, mafundo mawili juu yake, kisha akalipiga fundo teke dogo la kujiridhisha. Mama Mwaija, aliyekaa nyuma penye usukani, alicheka hadi akashika mbavu.

"Tanga halitoroki kwenda kula mihogo ya jirani, mwanangu. Upepo ukibadilika, kamba hii inatakiwa ifunguke kwa mvuto mmoja. Isipofunguka, mnalala wote majini."

"Nimekuelewa, mama," alijibu Nkwabi, akafunga vilevile. Mazoea yana taabu.

Alikuwa mfugaji wa Misungwi, na chombo alichokijua ni mkokoteni. Aliuza ng'ombe wake akanunua mashua ya marehemu Muharami pale mwaloni Mkuyuni, wanapoegesha wavuvi. Ndugu zake wakamwona amerukwa na akili. Alitaka kuivusha ziwa hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa mikono yake, asimwite mtu nahodha wake. Mjane wa Muharami, Mama Mwaija, akakubali kumfundisha kamba zote, maana alisafiri na mumewe miaka mingi, ingawa binti yake Nusrat alimkanya. Jambo moja mjane hakulisema hadi alipoulizwa: Muharami hakuzikwa. Ziwa lilirudisha mashua, halikumrudisha mwenyewe.

Tangu hapo, kila asubuhi Nkwabi alikuta fundo lake limefunguliwa na kufungwa upya, laini, limezungushwa kinyume, kama la mtu wa mkono wa kushoto. Alisema ni utani wa wavuvi, akazidi kulikaza. Ukweli ni kwamba aliogopa, na mwoga akiona aibu huwa mkaidi.

"Mumeo alitumia mkono gani, mama?" aliuliza siku moja.

Mama Mwaija aliangalia maji. "Kwa nini unaniuliza?" akasema, akaondoka bila kungoja jibu.

Siku ya kujaribu safari walitoka wawili, ziwa limetulia kama uji uliopoa. Walipoyapita mawe ya mwisho, wingu jeusi likashuka kutoka upande wa Ukerewe na upepo ukawapiga ubavuni. Mashua ikalala, maji yakaanza kuingia.

"Achia tanga!" alipiga kelele mjane.

Nkwabi alilirukia fundo kwa mkono wa kulia. Halikutikisika, alikuwa amelifunga mwenyewe. Alivuta, akaling'ata, akalia akimwita mama yake. Ndipo mkono wake wa kushoto, ambao hakuwahi kuutumia hata kurushia jiwe, ukapita chini ya ule wa kulia na kuigusa kamba mahali pamoja tu. Tanga likaporomoka, mashua ikainuka.

Upepo ulipopita, Nkwabi aliutazama mkono ule ukizungusha kamba mlingotini taratibu, kinyume, ukifunga fundo ambalo hakuna aliyemfundisha. Alijaribu kuuzuia, haukuzuilika.

Mama Mwaija alikuwa ameuona. Alijifunga khanga upya, akajipangusa maji usoni.

"Umechelewa, Baba Nusrat."

Nkwabi alifungua mdomo aseme kwamba yeye ni Nkwabi, mwenye mashua.

"Upepo ulikataa," alijisikia akijibu.

Mjane akalia na kucheka kwa pamoja. "Basi twende nyumbani," akasema, akausukuma usukani hadi mashua ikaipa Mkuyuni mgongo na kuelekea kilindini, kule ziwa lilikomchukua mumewe. Nkwabi akaacha kushindana na mkono, akaanza kulipandisha tanga.