Aya ya Mwisho

Neno lililomsumbua Ndunda kuliko yote katika kazi yake ni stori. Pale kwa kinyozi, stori ni porojo. Mezani pa gazeti Nairobi, stori ilikuwa mistari kadhaa ya kujaza nafasi fulani, na mtu akikuambia "hapo hakuna stori," hakumaanisha kwamba jambo halikutokea. Ndunda alikuwa mwaka wa tatu akituma habari kutoka Machakos. Hakuna aliyemfundisha. Alikata habari za wengine kwa wembe, akazibandika daftarini na kuzichunguza moja moja, hadi akaamini kazi ameijua.

Novemba ya 1997 mvua ilizidi, na mto ulio chini ya Masii ukachukua watu wanne. Mmoja wao alikuwa Mumbua, aliyekuwa akivuka kwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne. Mama yake, Kalekye, alimshika Ndunda mkono pale pale ukingoni.

"Wewe ndiye wa gazeti? Baba yake alitoka hapa miaka minane iliyopita. Yuko Mombasa, mtaa hatuujui. Redio hana haja nayo, lakini hilo gazeti lako hakosi. Shemeji alimwona nalo huko sokoni Kongowea mwezi wa nane. Akiona jina la mtoto atakuja, mwanangu. Tunazika Jumamosi."

"Nitaliandika, mwaitu," Ndunda akamwambia, kama anavyomwita mama yake mzazi.

Aliandika kwa uangalifu. Kwanza D.O., yule afisa wa tarafa aliyekuja kuona mto, kisha chifu, kisha habari za daraja. Ndivyo mikutano ya kwao inavyokwenda: wageni hutajwa mwanzo, na mwenye msiba huachiwa mwisho, watu wakishatulia. Aya ya mwisho ilikuwa ya Mumbua peke yake, na jina la baba yake, Mulwa, na kijiji chao, na siku ya mazishi. Jumatano akaituma kwa faksi.

Ijumaa alilisoma gazeti akiwa amesimama kwa muuzaji. Habari ilikuwapo, karibu neno kwa neno. Ikafika kwenye daraja, ikaishia hapo. Aligeuza ukurasa kutafuta iliyobaki. Haikuwapo.

Alimpigia simu Josphat, mhariri aliyepokea kazi yake.

"Stori imetoka, sasa unalia nini?"

"Jina la msichana halimo."

"Tangazo la sabuni liliingia dakika ya mwisho, nikatoa mistari kumi na miwili. Tunakata kutoka chini, bwana. Si unajua?"

Hakujua. Zote alizobandika daftarini zilikuwa zimeshakatwa.

"Na D.O. ukampa aya nne!" Josphat akacheka. "Ulikuwa unaandika habari ama risala ya Siku ya Jamhuri?"

"Kesho nitilie mistari miwili tu, kaka. Jina na siku ya mazishi."

"Hiyo si stori tena, Ndunda. Huyo msichana ni wenu?"

"Ni wa watu."

"Pole. Lakini kurasa za kesho zimejaa."

Alipofika kwa Kalekye jioni ile, alimkuta jikoni na gazeti mapajani. Mtu alikuwa amemletea kutoka sokoni.

"Sijui kusoma," mama akasema. "Nionyeshe hapo alipo Mumbua, nipaguse."

Ndunda aliutazama ukurasa. Angeweza kuweka kidole popote.

"Hayumo, mwaitu. Nilimweka mwisho nikidhani ni mahali pa heshima. Kumbe ndipo wanapokata. Kosa ni langu."

Kalekye hakumkemea. Alipitisha kiganja juu ya maandishi, polepole, kama mtu anayepangusa meza.

"Imeandikwaje, basi?"

"Watu wanne wamekufa maji."

"Na baba yake ameisoma leo."

"Nadhani ameisoma."

"Akasema, maskini watoto wa watu." Alilikunja gazeti mara mbili. "Basi huko aliko, bado ana mtoto."

Nje, vijana waliokuwa wakichimba kaburi waliomba maji ya kunywa. Kalekye akainuka, akachota, akawapelekea.